Kuyachunguza Maandiko kwa Imani na kwa Elimu

Hotuba kwa semina ya Biblia ya jubilii ya miaka mia, kisiwani Pemba



Usharika unapotimiza miaka mia moja huhesabu mambo mengi. Huhesabu waliobatizwa, waliopata Kipaimara na waliofunga ndoa, huhesabu majengo na vyombo, huwataja watumishi waliotangulia. Ni mara chache usharika huhesabu usomaji wake, yaani namna Neno la Mungu lilivyosomwa na kueleweka miaka hiyo yote. Hata hivyo Matengenezo ya Kanisa yalianzia katika chumba cha kusomea. Martin Luther alikuwa mwalimu wa Biblia katika Chuo Kikuu cha Wittenberg, na kabla ya kujulikana na dunia alikuwa amekwisha kuwafafanulia wanafunzi wake Zaburi na Waraka kwa Warumi, neno kwa neno, akitumia vitabu vya wataalamu wa lugha wa siku zake. Inafaa basi jubilii itoe nafasi kwa swali hili: Mkristo anayeiamini Biblia aipokeeje elimu ya kisasa inayochunguza lugha zake, nakala zake za kale, historia yake na mazingira yake?

Swali hili lina uzito wa pekee Pemba. Hapa Wakristo ni wachache mno katikati ya majirani Waislamu, watu wanaokiheshimu kitabu chao, wanaokihifadhi moyoni tangu utotoni, na wanaojua kuuliza. Kijana Mkristo anayeketi barazani jioni huulizwa bila kificho: kwa nini Biblia zenu hazilingani? Mstari huu umo katika Biblia ya bibi yako, nao haumo katika hii mpya, nani aliyeuondoa? Kijana yule aweza kukasirika, au kunyamaza na kurudi nyumbani na shaka moyoni. Aweza pia kujibu kwa ukweli, lakini kwa jibu hilo hana budi kuwa amefundishwa, na wajibu wa kumfundisha ni wa usharika.

1. Biblia yenyewe inaruhusu kuchunguzwa

Wapo wanaoogopa kwamba kuichunguza Biblia ni kuitilia shaka. Maandiko yenyewe hayana hofu hiyo. Katika Nehemia 8 torati inasomwa mbele ya mkutano, na Walawi wanaifafanua ili watu wapate kuielewa. Luka anaianza Injili yake kwa kueleza kwamba wengine waliandika kabla yake, na kwamba yeye alijitafutia habari kwa usahihi tangu mwanzo ndipo akaziandika kwa taratibu. Watu wa Beroya wanasifiwa katika Matendo 17 kwa sababu waliyachunguza Maandiko kila siku ili kuona kama mahubiri ya mtume yalikuwa kweli. Na Mwethiopia wa Matendo 8, Mwafrika aliyekuwa akisoma kitabu cha Isaya garini, alipoulizwa kama anaelewa, hakuona haya kusema kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza. Filipo hakumkemea kwa kutoelewa. Alipanda garini, akaketi karibu naye, akaanzia katika andiko lile lile alilokuwa akilisoma.

2. Biblia ya Kiswahili ni tunda la elimu

Kila msharika aliyeishika Biblia ya Kiswahili mkononi ameshika kazi ya wasomi, ingawa huenda hakulifikiri jambo hilo. Johann Ludwig Krapf, Mlutheri aliyezaliwa Württemberg, Ujerumani, mwaka 1810, alitumwa na Waanglikana wa CMS akafika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo mkewe na mtoto wao mchanga walifariki dunia. Kabla tu ya msiba huo alikuwa ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia katika lugha alikuwa kadhi wa Mombasa. Ni vema Wakristo wa Pemba walikumbuke hilo wanapozungumza na majirani: mwanzoni kabisa mwa kazi ya kuitafsiri Biblia kwa Kiswahili ulikuwapo mkono wa mwanachuoni wa Kiislamu.

Unguja kazi hiyo ilishikwa na Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, aliyefika mwaka 1864 na kuwa Askofu mwaka 1874. Steere alikaa na wenyeji wa mji akisikiliza usemi wao, akaandika kitabu cha sarufi, akatafsiri sehemu kubwa ya Maandiko. Katika kiwanda cha chapa cha misheni walifanya kazi vijana waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa, na mikono iliyokusudiwa kufungwa minyororo ikapanga herufi za Injili. Steere alifariki mwaka 1882. Biblia nzima katika Kiunguja ilitoka mwaka 1891. Mombasa nako Biblia nzima ya Kimvita ilitoka mwaka 1914.

Mmisionari Mlutheri Karl Roehl alitoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Yeye alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka mahali pake maneno ya Kibantu. Wengine waliona kwamba maneno yale ya Kiarabu yamekwisha kuwa Kiswahili halisi, wala hayawezi kung'olewa bila kuijeruhi lugha. Mwaka 1952 ikatoka Biblia ya Muungano, iliyoenea kuliko zote, na katika miaka ya 1990 ikakamilika Biblia Habari Njema. Tafsiri hizi hazilingani neno kwa neno. Mungu aliyesema na manabii ni mmoja, bali watafsiri walikuwa wanadamu waliopima, wakajadiliana, wakachagua. Anayelijua hili hatashtuka akiona Biblia mbili zinatofautiana. Atauliza kila mtafsiri alikuwa akijaribu kusema nini.

3. Maneno yaliyo ndani ya mabano

Lipo lakini swali gumu zaidi ya tofauti za tafsiri, nalo linahusu maandishi yenyewe. Katika Waraka wa Kwanza wa Yohana, mlango wa 5, Biblia za zamani katika lugha nyingi zina maneno juu ya mashahidi watatu mbinguni: Baba, Neno na Roho Mtakatifu. Tafsiri nyingi za sasa haziyaweki ndani ya maandishi, au zinayataja katika tanbihi tu. Hapo ndipo swali la barazani linapochoma, kwa kuwa maneno yale yanahusu Utatu. Je, Wakristo wamebadilisha kitabu chao?

Ukweli ni huu. Agano Jipya liliandikwa kwa Kiyunani na kunakiliwa kwa mkono kwa karne nyingi. Nakala za mkono zinazojulikana leo, nzima na vipande, ni zaidi ya 5,000. Hakuna mwandishi wa mkono asiyekosea, na hapa na pale waandishi waliruka mstari, au waliingiza ndani ya maandishi maelezo yaliyokuwa pembeni. Wataalamu huzilinganisha nakala hizo, wakipima umri wake na asili yake, ili kuyafikia maandishi ya kwanza. Maneno ya mashahidi watatu mbinguni hayamo katika nakala za kale za Kiyunani. Yalienea katika Biblia za Kilatini. Erasmus, msomi wa Uholanzi, alipochapisha Agano Jipya la Kiyunani mwaka 1516, hakuyaweka. Alilaumiwa sana. Toleo la pili la mwaka 1519 pia halikuwa nayo, na ni katika toleo la tatu, la mwaka 1522, ndipo alipoyaingiza.

Naye Luther alifanyaje? Agano Jipya la Kijerumani alilolitafsiri akiwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, likachapishwa Septemba 1522, halikuwa na maneno hayo. Wachapaji ndio walioyaongeza katika Biblia yake, naye amekwisha kufariki. Luther aliuamini Utatu kwa moyo wote na kuufundisha katika Katekisimu. Hakuona kwamba imani hiyo inahitaji nguzo ambayo mitume hawakuisimika. Imani katika Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu imesimama juu ya agizo la ubatizo katika Mathayo 28, juu ya salamu za Paulo kwa Wakorintho, na juu ya ushuhuda wa Agano Jipya lote. Mlutheri anayemjibu jirani yake hivi hasaliti imani yake hata kidogo. Anafuata nyayo za Luther mwenyewe.

Mfano wa pili una hatari ya mwili pia. Mwaka ule ule wa 1844, Krapf alipoanza kutafsiri Mombasa, msomi Mjerumani Constantin Tischendorf alikuwa katika monasteri ya Mtakatifu Katarina, chini ya Mlima Sinai. Huko aliona kurasa za kitabu cha ngozi cha karne ya 4, na mwaka 1859 akaonyeshwa sehemu kubwa iliyobaki. Katika kitabu hicho Injili ya Marko inakwisha katika mlango wa 16, mstari wa 8. Mistari ya 9 hadi 20, yenye habari za kushika nyoka na kunywa kitu cha kufisha, haimo. Huko Marekani wapo wahubiri waliojenga ibada juu ya mistari hiyo, wakashika nyoka wenye sumu mbele ya mkutano, na baadhi yao wakafa. Kanisa limeendelea kuisoma mistari hiyo kama urithi wa kale, lakini mchungaji anayejua historia yake hatamwambia mgonjwa aache dawa, wala hatamjaribu Bwana Mungu wake kwa nguvu ya mistari hiyo.

Tena elimu hiyo hiyo inayoonyesha tofauti ndiyo inayoonyesha uaminifu wa nakala. Kuanzia mwaka 1947, katika mapango ya Qumrani karibu na Bahari ya Chumvi, wachungaji wa mifugo wa Kibedui waligundua magombo ya kale, na baada yao wataalamu wakagundua mengine. Moja ni gombo la Isaya lenye milango yote 66. Limezidi kwa umri wa miaka ipatayo elfu moja nakala kamili za Kiebrania zilizojulikana kabla yake. Lilipolinganishwa nazo, zilionekana tofauti nyingi ndogo za tahajia na maneno, lakini kitabu ni kile kile. Kanisa halina sababu ya kuwaficha watu wake mambo haya. Yamechapishwa, na yeyote apendaye aweza kuyasoma.

4. Neno mtumwa katika kisiwa cha karafuu

Elimu ya Biblia haiishii katika nakala. Huuliza pia neno lilikuwa na maana gani kwa watu walioliandikiwa, na lina maana gani kwa wale wanaolisikia leo. Paulo anapojitambulisha kwa Warumi anatumia neno la Kiyunani doulos. Biblia ya Muungano imeandika mtumwa. Habari Njema imeandika mtumishi. Maneno yote mawili yametoka katika kutuma, kama lilivyotoka neno mtume. Lakini hapa Pemba neno mtumwa lina kumbukumbu. Mashamba ya mikarafuu ya karne ya 19 yalilimwa na watu walioletwa kwa nguvu kutoka bara. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwezi Aprili 1897, na hata hapo mtu alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, naye bwana wake akalipwa fidia. Katika mwaka huo Waquaker wa Uingereza walianza kazi yao karibu na Chake Chake kwa ajili ya hao walioachwa huru. Waanglikana nao walifanya kazi Wete. Wakristo wa kwanza wengi wa visiwa hivi hawakuhitaji kamusi kueleza mtumwa ni nani.

Kwa masikio kama hayo, Waraka kwa Filemoni wapaswa kusomwa kwa uangalifu. Huko Marekani watetezi wa utumwa waliutumia kusema kwamba mtumwa mtoro lazima arudishwe kwa bwana wake, na wapinzani wa utumwa waliutumia kusema kinyume chake. Wataalamu wameonyesha kwamba katika sheria ya Kirumi mtumwa alihesabiwa mali, na bwana wake alikuwa na uwezo mkubwa wa kumwadhibu. Wameonyesha pia kwamba waraka huo hausemi wazi kuwa Onesimo alitoroka. Wengine hudhani alimwendea Paulo ili amwombee kwa bwana wake. Anayehubiri juu ya Onesimo mtoro amekwisha kuongeza neno.

Kinachoonekana wazi ni kwamba Paulo anamwomba Filemoni ampokee Onesimo kama ndugu mpendwa, na kwamba deni lolote liandikwe juu ya Paulo mwenyewe. Paulo hakuufuta utumwa katika dola ya Kirumi, na si haki kumsingizia kwamba aliufuta. Wala si haki kusema kwamba aliubariki. Alimweka bwana na mtumwa katika meza moja ya Bwana, akamwachia Filemoni tatizo ambalo hangeweza kulimaliza bila kubadilika. Kazi ya kulimaliza ilichelewa karne nyingi, na Kanisa lina sehemu yake katika ucheleweshaji huo. Usharika unaosherehekea miaka mia waweza kulikiri jambo hilo bila kupoteza furaha yake.

5. Elimu ya wavuvi

Yapo pia mambo ambayo Mpemba ayasomapo humtangulia msomi wa bara. Katika Marko 4, wakati wa dhoruba, Biblia ya Muungano inasema Yesu alikuwa katika shetri, amelala juu ya mto. Msomaji wa mbali na bahari hajui shetri ni nini, na akisikia mto hufikiri maji yatiririkayo. Mvuvi wa Kojani anayekwenda dago anajua shetri ni upande wa nyuma wa chombo, alipo mshika usukani. Na Kiyunani kinaondoa shaka juu ya mto: ni wa kulalia.

Mwaka 1986, ukame ulipoyapunguza maji ya Ziwa la Galilaya, ndugu wawili waliona mbao za chombo cha kale katika tope. Wataalamu walikichimbua, wakakikadiria kuwa cha karibu na wakati wa Yesu. Urefu wake unazidi kidogo mita 8, na upana wake ni mita 2 na ushei. Mbao zake ziliunganishwa kwanza kingo kwa kingo, na mataruma yakatiwa baadaye. Mafundi wa pwani, ambao mababu zao waliunda mtepe kwa kushona mbao kwa kamba, wataielewa kazi hiyo upesi. Wataelewa pia woga wa wanafunzi: watu kumi na zaidi katika chombo cha ukubwa ule, usiku, upepo umegeuka. Wengi wa wanafunzi wale walikuwa wazoefu wa ziwa, na mzoefu hapigi kelele bure. Ujuzi wa aina hii ni elimu halali ya Biblia, nao umo tayari usharikani.

6. Mipaka ya elimu

Elimu nayo ni kazi ya wanadamu. Wataalamu hutofautiana juu ya nani aliandika kitabu kipi na lini, na rai iliyotawala kizazi kimoja huachwa na kizazi kifuatacho. Haifai mhubiri apande mimbarani na kila dhana mpya kana kwamba ni Injili. Tena elimu yaweza kueleza msalaba wa Kirumi ulikuwaje, lakini haiwezi kumpa mtu toba. Luther alizifananisha lugha za Biblia na ala inayohifadhi upanga wa Roho. Ala si upanga. Lakini upanga usio na ala hushika kutu.

Wala elimu hii isigeuzwe silaha. Wengi wanaikumbuka mihadhara ya hadhara ya miaka ya 1980 na 1990, wahubiri wa pande zote mbili waliposoma kitabu cha wenzao kwa kusudi la kukiaibisha. Vurugu zilikuwa nyingi, uelewano kidogo. Mkristo aliyejifunza kukisoma kitabu chake kwa haki ajifunze pia kutokisoma cha jirani yake kwa dhuluma.

7. Mambo ya kufanya

Katika vikundi vya kujifunza Biblia, andiko moja lisomwe katika tafsiri mbili, na tofauti zijadiliwe badala ya kurukwa. Kabla ya kuuliza andiko linaniambia nini, kikundi kiulize liliwaambia nini walioandikiwa kwanza, na kama ni shairi, mfano, barua au historia. Mstari usomwe pamoja na mlango wake. Mafundisho ya Kipaimara yawe na somo moja la namna Biblia ilivyotufikia, ili kijana asilisikie kwa mara ya kwanza barazani. Usharika uwe na rafu ya vitabu: kamusi ya Biblia, ramani, vitabu vya ufafanuzi. Na vijana wenye wito watumwe kusoma. Chuo cha theolojia cha Kilutheri kilichoanza Lwandai mwaka 1947 na kuhamia Makumira mwaka 1954 kiliwekwa kwa kazi hiyo. Hayati John Mbiti wa Kenya alisoma hadi shahada ya juu kabisa huko Cambridge, na katika uzee wake akalitafsiri Agano Jipya kutoka Kiyunani kwa Kikamba, lugha ya mama yake. Lilichapishwa mwaka 2014. Usomi wake ulirudi nyumbani, ukasomeka kijijini.

Wapendwa, walioanza kazi ya Injili katika visiwa hivi walikuja na kitabu ambacho bado kilikuwa kikitafsiriwa. Walikosoa, wakafuta, wakaandika tena, kwa sababu waliamini kwamba Mungu anastahili neno lililo sahihi. Miaka mia ijayo watakuwapo wengine wa kuuliza barazani, na wengine wa kujibu. Mungu aujalie usharika huu wasomaji wanaomcha yeye na wasioogopa kweli, na awabariki ninyi nyote. Amina.